Ploti ya Takaungu au nyumba ya Majengo?

Swali: Wakili, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Nakuru, naishi Hamburg na mume wangu ambaye ni Mjerumani. Tunatafuta mahali Pwani pa kupumzikia sasa na kuhamia baadaye. Nimeletewa mali mbili. Ya kwanza ni ploti ya robo ekari upande wa Takaungu, Kilifi, safu ya pili kutoka baharini. Inauzwa na familia moja, hati ipo na nimetumiwa picha yake kwa WhatsApp, na bei ni karibu nusu ya zile za majirani. Dalali anasema kuna mtu wa Nairobi anaitaka, kwa hiyo nilipe arubuni wiki hii. Ya pili ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita huko Majengo, Mombasa, inauzwa bila ardhi. Ipi ni salama? Tunaweza kuandikisha majina yetu sote wawili? Kaka yangu amejitolea kuishika mali kwa jina lake mpaka turudi.

Jibu: Dada, usilipe arubuni wiki hii. Huyo mtu wa Nairobi anaitaka kila ploti inayouzwa kutoka Vanga hadi Kiunga, na hajawahi kuinunua hata moja.

Kuhusu usalama, kwa sasa hakuna iliyo salama kati ya hizo mbili, ila hatari zake si za aina moja. Hatari ya ploti inaweza kuchunguzwa mpaka ukajua kama ununue au uachane nayo. Ya nyumba huwezi kuimaliza hata uajiri mawakili kumi. Unaweza tu kuipigia hesabu ukaona kama faida inailipa. Nitaanza na ploti kwa sababu ndiyo yenye mengi.

Wanunuzi kutoka bara huuliza swali moja: hati ipo? Pwani swali hilo halitoshi. Hati huku ziko nyingi, na baadhi ni za kale kuliko Jamhuri yenyewe. Linalotakiwa kujulikana ni hati hiyo ilizaliwa vipi, na ni nani anayekaa juu ya ardhi hiyo leo. Ugomvi mwingi wa ardhi ninaouona mezani kwangu haukutokana na hati bandia. Hati ilikuwa halali, mnunuzi akaisoma, lakini hakwenda kuiona ardhi.

Sababu iko kwenye historia. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwa mkataba wa 1895 Waingereza wakausimamia kwa niaba yake. Mwaka 1908 wakaleta sheria ya hati za ardhi: kila anayedai ardhi ajitokeze, athibitishe madai yake, apewe hati. Isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliofaulu wengi wao walikuwa Waarabu, Waswahili na Wahindi waliokuwa karibu na ofisi na waliojua karatasi. Wamijikenda waliolima kwa utaratibu wa ukoo hawakuwa na cha kuonyesha mezani. Matokeo yake mtu alizaliwa mahali, akapanda minazi na mikorosho, akawazika wazazi wake hapo hapo, na kwenye karatasi akabaki skwota. Kisha Oktoba 1963, wakati wa kuunganisha ukanda huo na Kenya, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walibadilishana barua, na mojawapo ya ahadi zilizoandikwa ni kwamba hati za umiliki huru zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa. Ndiyo maana hati iliyotolewa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia bado inaweza kukushinda mahakamani, huku ardhi yenyewe ikiwa na kijiji kizima juu yake.

Takaungu nayo ina jambo lake la ziada. Ukoo wa Mazrui ulitengewa ardhi huko kwa sheria maalumu ya 1914. Bunge likaifuta sheria hiyo mwaka 1989, na wenyewe hawakunyamaza, walikwenda mahakamani. Sisemi ploti yako imo ndani ya ardhi hiyo. Nasema mpima ardhi akujibu kwa ramani kabla hujatoa hata shilingi moja, na jibu liwe la maandishi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kwenda kuiona ardhi. Kama huwezi kusafiri, mtume mtu ambaye hapati kamisheni yoyote kwenye mauzo. Aende na mpima ardhi mwenye leseni, watafute mawe ya mipaka, wapime wenyewe badala ya kuonyeshwa kwa kidole. Wakishamaliza, mtu wako abaki. Anywe chai hapo karibu. Aulize kwa mzee wa mtaa na kwa chifu, halafu aulize kwa akina mama wanaoteka maji, maana hao ndio wanaojua nani ni nani. Kuna kaburi ndani ya ploti au ukingoni mwake? Kuna muhogo uliopandwa msimu huu? Minazi ni ya nani? Usicheke kwa hilo la minazi. Pwani mti una mwenyewe, na mwenye mti anaweza asiwe mwenye ardhi. Utakapoanza kujenga atakuja mzee mmoja mpole kudai fidia ya minazi saba aliyoipanda baba yake, na atakuwa na mashahidi.

Hayo si adabu ya ujirani tu, yana uzito kisheria. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inatambua haki ambazo hazikuandikwa kwenye sajili lakini zinaifunga ardhi hata hivyo, zikiwemo amana za kimila, yaani ardhi iliyoandikwa kwa jina la mmoja lakini kwa mila ni ya ukoo au familia. Mwaka 2018, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari, Mahakama ya Juu ilieleza kwa kirefu jinsi anayeishi juu ya ardhi ya ukoo anavyoweza kuthibitisha amana hiyo dhidi ya mwenye hati. Kesi ilitoka Meru, lakini mawakili wa Pwani waliisoma kwa makini sana. Kisha iko miaka 12. Mtu akikaa kwenye ardhi yako waziwazi, bila ruhusa yako na bila kubughudhiwa kwa miaka 12, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba iandikwe kwa jina lake. Na sikiliza hili vizuri: saa hiyo haianzi upya wewe unaponunua. Kama amekaa miaka 11 chini ya muuzaji, wewe umenunua mwaka mmoja.

Kiwango cha juu cha tatizo hili ni shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930. Mwenye shamba alikuwa na hati yake, watu wakaingia miaka ya tisini, na hakulipata tena. Mwishowe serikali ililinunua, na mwanzoni mwa 2016 wakaaji wakaanza kupewa hati. Mwenye hati alilipwa, lakini baada ya karibu miaka ishirini. Wewe unataka mahali pa kustaafia, huna miaka ishirini ya kusubiri.

Sasa twende kwenye karatasi. Picha ya WhatsApp itupe, baki na namba iliyomo. Namba hiyo inaeleza mengi. Ikianza na MN, MS au MI na kufuatwa na tarakimu za Kirumi, ni hati ya mfumo wa zamani: bara kaskazini mwa Mombasa, bara kusini, au kisiwani. Usishangae kuona ardhi iliyo Kaunti ya Kilifi ikibeba herufi za Mombasa. Sehemu za Mtwapa na Kikambala ziko hivyo. Hati kama hizo huwa pia na namba ya sajili inayoanza na CR, na upekuzi wake, yaani kukagua sajili, hufanyika Mombasa. Ikianza na jina la Kilifi likifuatwa na jina la eneo, mafaili yako kwenye ofisi ya ardhi ya Kilifi. Muuzaji akikuambia upekuzi umeshafanyika, mshukuru, kisha wakili wako aufanye tena. Usiishie kwenye cheti cha upekuzi, kwa sababu hicho kinaonyesha hali ya leo tu. Omba nakala ya sajili yenyewe, ile inayoitwa kadi ya kijani kwenye ofisi za ardhi, ambamo kila aliyewahi kuimiliki ameandikwa kwa mpangilio. Ukiona ardhi imebadilisha wamiliki mara tatu ndani ya miezi michache, au hati iliyopotea ikatolewa upya muda mfupi kabla ya kuuzwa, simama hapo.

Kwa nini uzame mpaka mwanzo wa hati? Kwa sababu ya kesi ambayo kila mnunuzi wa ardhi ya pwani anapaswa kuijua, ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 21 Aprili 2023. Kampuni ilikuwa na hati ya ploti ya ufuoni Nyali. Mwaka 2017 kaunti ikabomoa ukuta wake ikisema hapo ni njia ya umma ya kwenda baharini. Kampuni ikadai kwamba ilinunua kwa nia njema, ililipa, na ilisajiliwa. Mahakama ikarudi nyuma hadi 1989, ardhi hiyo ilipogawiwa mara ya kwanza, tena kwa rais wa wakati huo, na kukuta kwamba ilikuwa imetengwa kwa matumizi ya umma na ugawaji haukufuata sheria. Kama mzizi wa hati ni mbovu, anayenunua baadaye hapati haki ambayo wa kwanza hakuwa nayo. Nia njema haikumwokoa, wala kulipa. Miezi mitano baadaye mahakama hiyo hiyo ikaamua, katika kesi ya Torino Enterprises, kwamba barua ya ugawaji peke yake si umiliki, kwa hiyo ukiletewa barua ya aina hiyo badala ya hati, usiendelee na mazungumzo.

Ploti yako ni safu ya pili. Kwenye ramani ya upimaji tazama iko wapi njia ya kwenda ufuoni, na hakikisha sehemu ya ploti haijaikalia. Tazama pia kama safu ya kwanza imejengwa ukuta mfululizo. Ikiwa hivyo, wewe utalipa bei ya bahari na utaishia kuisikia tu. Eneo lote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni la umma kwa Katiba, hakuna anayeweza kukuzuia kutembea hapo, lakini lazima uwe na pa kupitia.

Umesema inauzwa na "familia". Neno hilo hunifanya nishike kalamu. Hati nyingi za pwani bado ziko kwa majina ya babu waliokwisha kufariki, na warithi ni wengi: wako Takaungu, wako Muscat, wengine Toronto. Marehemu akiwa Mwislamu, mirathi hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, mara nyingi katika Mahakama ya Kadhi, na binti aliyeolewa mbali ana fungu lake hata kama kaka zake hawakumkumbuka walipokuwa wakihesabu. Mpaka mahakama iteue wasimamizi wa mirathi na kuthibitisha mgawanyo, hakuna mwanafamilia mwenye mamlaka ya kukuuzia chochote. Kuuza mali ya marehemu bila idhini hiyo ni kosa la jinai kwa sheria ya urithi. Uliza swali moja: jina lililo kwenye sajili ni la mtu aliye hai? Kama si hai, niletee uthibitisho wa mahakama. Hapo ndipo bei ya nusu huanza kueleweka. Wajomba wawili wanataka pesa zao kabla shangazi hajarudi kutoka Oman.

Kuhusu majina mawili, nina swali ambalo hukulitaja: pasipoti yako ni ipi? Wakenya wengi waliochukua uraia wa Ujerumani kabla ya tarehe 27 Juni 2024, Wajerumani walipolegeza sheria yao, walilazimika kuukana uraia wa Kenya. Kama wewe ni mmoja wao na hujaomba kuurudisha, basi mbele ya msajili wa ardhi wewe na mume wako mko sawa, nyote si raia. Katiba ya 2010 inaruhusu mzaliwa aliyepoteza uraia kuurudisha, na kwa mtu wa hali yako hiyo ndiyo hatua ya kwanza, hata kabla ya kutafuta ardhi.

Umuhimu wake ni huu. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Kampuni nayo haisaidii: ikiwa na mwanahisa hata mmoja asiye raia, inahesabiwa kuwa si raia. Ploti ya safu ya kwanza au ya pili kutoka alama ya maji kujaa iko chini ya udhibiti zaidi, kwa sababu marekebisho ya mwaka 2016 kwenye Sheria ya Ardhi yanataka idhini ya waziri kabla ya asiye raia kupata haki yoyote hapo. Na kama robo ekari hiyo ilikatwa kutoka kwenye shamba na bado imeandikwa ardhi ya kilimo, mauzo lazima yapitie bodi ya ardhi, ambayo sheria yake inaiamuru kukataa ombi la asiye raia. Jina la mume wako basi litakwama mara tatu kwenye ploti moja. Mkitaka majina mawili kwa amani, tafuteni nyumba ya ghorofa yenye ukodishaji wa miaka 99 kule Nyali, Mtwapa au Diani, ambako Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inawapa hati ya nyumba yenu wenyewe. Mkitaka ploti, iandikwe kwa jina lako wewe raia, na mume alindwe kwa njia nyingine: wosia ulioandikwa vizuri, na sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inayokukataza kuuza nyumba ya ndoa bila idhini yake. Kwenye wosia msizidishe. Atakachorithi kitabanwa na mipaka ile ile ya kifungu cha 65.

Hiyo bodi ya ardhi msiisahau hata kama wewe ni raia. Ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba, na bila idhini yake mauzo ya ardhi ya kilimo ni batili. Utabaki na haki ya kudai pesa zako kama deni, na kudai deni kwa mtu aliyekwisha kulitumia ni kazi ya maisha.

Kaka yako asishike mali kwa jina lake. Simjui, na huenda ni mtu mwema kuliko sisi sote. Lakini mali iliyo kwa jina lake inaweza kukamatwa kwa madeni yake, mkewe atakuwa na la kusema juu yake, na akifariki watoto wake watairithi wakiamini kwa dhati kwamba ilikuwa ya baba yao. Ukitaka akufanyie kazi mpe mamlaka ya uwakili, yakitaja ploti hiyo kwa namba na kazi atakazofanya, basi. Utatia saini mbele ya mthibitishaji huko Hamburg au kwenye ubalozi wetu Berlin, na hati hiyo itasajiliwa hapa. Ardhi itakuwa yako tangu siku ya kwanza, yeye atakuwa mikono yako tu.

Pesa nazo zina njia yake. Wakili wako na wakili wa muuzaji wawe watu wawili tofauti, na dalali asikuchagulie hata mmoja. Arubuni kwa kawaida ni asilimia 10, inawekwa kwa wakili aishike kwa niaba ya pande zote mpaka masharti yatimie, na kumaliza huwa ni ndani ya siku 90. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mji na asilimia 2 kwa ya mashambani, na thamani anaipanga mthamini wa serikali, si mkataba wenu. Tuseme ploti ni shilingi milioni 3: ushuru ni 60,000 au 120,000 kutegemea ilivyoainishwa. Kodi ya faida ya mtaji, iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2023, ni ya muuzaji. Akikuomba muandike bei ndogo kwenye mkataba ili aikwepe, kataa, kwa sababu siku utakapouza wewe, hiyo bei ndogo ndiyo itakayohesabiwa kuwa ulinunulia, na faida utakayotozwa kodi itavimba.

Nyumba ya Majengo ni jambo jingine kabisa. Sheria iliyotoka Uingereza inasema kilichojengwa juu ya ardhi ni sehemu ya ardhi. Mombasa, kwa desturi iliyojengeka juu ya sheria ya Kiislamu, nyumba inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Mwenye ardhi hupokea kodi ya ardhi kila mwezi, kiasi kidogo tu. Mwenye nyumba hujenga, hukaa, hupangisha vyumba, huuza, hurithisha. Mitaa mizima ya Majengo, Kisauni na Likoni ilikua hivyo, na mahakama zetu zimeutambua utaratibu huu mara nyingi. Lakini kuutambua si kukupa hati. Hakuna hati ya nyumba isiyo na ardhi, benki haitakukopesha juu yake, na kaunti haitakuidhinishia kupandisha ghorofa bila mwenye ardhi kukubali.

Unachonunua ni kuta, paa, milango, na hali ya kukubalika. Mwenye ardhi akiuza kwa mtu anayetaka kujenga maduka, utapewa notisi. Wako waliolipwa fidia nzuri na wako walioambiwa wabebe mabati yao. Kwa hiyo ifanyie hesabu kama biashara, usiiweke kwenye fungu la kustaafu. Tuseme nyumba ni shilingi milioni 1.8 na kila chumba kinapangishwa kwa 5,000. Vyumba sita ni 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka, yaani miaka mitano kurudisha pesa kama hakuna chumba kitakacholala bure wala paa litakalovuja. Hayo hayatokei Majengo. Weka miaka saba. Swali basi si la hati tena: je, mwenye ardhi huyu atakuacha miaka saba?

Hilo lina njia za kulichunguza. Kodi ya ardhi inapokelewa na nani, na risiti ziko kwa jina la anayekuuzia? Mwenye ardhi ni mtu mmoja, au ni warithi wanaogombana? Ardhi ya wanaogombana huuzwa ili wagawane, na hapo ndipo notisi hutoka. Je, ni wakfu, yaani mali iliyotolewa daima kwa ajili ya dini au hisani? Ardhi ya wakfu haiuzwi, jambo ambalo kwa mwenye nyumba mara nyingi ni kinga, ila makubaliano yako yatakuwa na Tume ya Wakfu au na wasimamizi wa wakfu huo. Mwisho, usimlipe muuzaji mpaka mwenye ardhi atie saini kwamba amekukubali kuwa mpangaji mpya wa ardhi. Ataomba ada ya kubadilisha jina. Ni desturi, mpe, chukua risiti.

Ukiniuliza mimi, kwa mtu anayeishi Ulaya nyumba hii haifai. Inamfaa mama aliye Mwembe Tayari, anayeamkiana na mwenye ardhi kila Ijumaa na atakayesikia fununu ya mauzo kabla ya dalali. Kukaa karibu ndiyo bima ya utaratibu huu.

Tukirudi kwenye ploti, ukiinunua siku moja, anza na ukuta hata wa safu chache na mlinzi mwenye mkataba wa maandishi na mshahara unaopita kwenye simu, ili kila mwezi uwe na ushahidi kwamba yupo kwa ruhusa yako. Familia yake ikiongezeka hapo, mkataba uwataje. Usikubali fundi atumie mchanga wa ufuoni wala maji ya kisima chenye chumvi kuchanganya zege. Nondo zitaoza ndani na ukuta utapasuka kabla hujahamia. Kabla ya kuchimba kisima onja cha jirani, maana karibu na bahari ukivuta sana chumvi inapanda. Paa la makuti ni zuri na lina upepo, lakini utalibadilisha kila baada ya miaka michache, na kwa anayeishi Hamburg hiyo ni simu ya kila mara kutoka kwa fundi.

Mwambie dalali akutumie namba ya hati iliyoandikwa, jina kamili la aliyesajiliwa na nakala ya kitambulisho chake. Mkweli atatuma leo jioni. Akianza kukuambia habari za mtu wa Nairobi, umeshapata jibu lako. Na kama bado moyo uko Majengo, niletee risiti za kodi ya ardhi za miaka mitatu iliyopita na jina la anayezitoa. Bila hizo sina cha kukuhesabia.